Vifundo Kumi na Saba

Saa tatu usiku, na joto bado nyuzi thelathini na tisa.
Nimeapa: moto haugusi tena kichwa changu.
Pasi ya nywele nimeizungushia waya wake
nikaitia ndani ya boksi la viatu, juu ya kabati.
Kila Alhamisi ilinifanya ninuke kuku anayebabuliwa.

Al Khuwair mwezi wa saba, maji ya bomba hupikwa na jua
matangini, juu ya paa. Basi tunazima hita
na kuoga yale yaliyolala ndani yake: hita ndiyo mtungi wetu.
Kinyumenyume, lakini ndivyo.
Nikaosha. Nikakamua kwa fulana kuukuu ya Harith,
kwani taulo hunyofoa. Nikapasua njia
kutoka kwenye paji hadi kisogoni; ikapinda. Ikabaki imepinda.

Shika fungu. Lipake mafuta ya nazi, kidole kimoja tu.
Lisokote mpaka lenyewe lichoke kunyooka,
lijikunje, litafute pa kukaa;
hapo lizungushe juu ya shina lake
kama kata ya kubebea ndoo,
ncha uichomeke chini. Kimoja.
Cha pili kiliniponyoka. Cha sita kilinitoa machozi.

Shangazi yangu wa Nizwa alikuwa akisema
"nywele za upande wa mama"
kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme.
Nilikuwa na miaka tisa. Harusini binamu zangu
walizitupa zao mgongoni kama maji;
zangu zilibanwa kwa pini kumi na mbili
zisije zikajitokeza kusalimia watu.

Cha kumi na saba nikakifunga nimefumba macho.
Nikalala kifudifudi, kama mtu aliyeangushwa.

Saa nane na robo kengele ya moto ikalia.
Moto! Ule ule niliouapia, umekuja kunigongea.
Nikashuka ghorofa nne kwa ngazi,
kandambili moja yangu, moja ya Harith,
shela juu ya vifundo kama turubai lililofunika viazi.
Kumbe ni chetezo tu, mtu wa ghorofa ya tatu kakisahau;
jengo zima tukasimama kwenye maegesho, tunanukia ubani.

Mwanamke wa mlango wa jirani, miaka miwili lifti moja,
"keif halish", "al-hamdulillah", na mlango,
akanitazama kichwani. Akatazama tena.
"Nani kakufunga?"
Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Wete, hakijapungua chumvi.
"Mwenyewe."
"Inaonekana."

Akanivuta nyuma ya gari, mkono chini ya shela,
akahesabu kwa vidole. "Hiki cha kisogoni umekifunga kavu."
Akakifungua, akakitia maji ya chupa, akakifunga upya
pale pale, lami inatuchoma nyayo,
huku tukiulizana watu: wa nani, wa wapi, bibi alizikwa wapi.
Undugu hatukuupata. Tulikaribia sana,
kwa mjomba wa mtu aliyewahi kuuza baiskeli Chake.
Jina lake Ghaniya.

Asubuhi nikavifungua kimoja kimoja.
Kumi na sita vilitoka hivi na hivi:
vingine mawimbi, vingine bado vina unyevu vikatimka,
viwili ukaidi mtupu.
Cha kisogoni kilishuka kwa mzunguko mpaka begani,
kikarudi juu kidogo, kikatulia.

Nikavaa shela. Benki ya Ruwi, nani ataona?

Lifti ikafunguka: Ghaniya, mfuko wa taka mkononi.
Mlango ukajifunga, tuko wawili.
"Haya, nionyeshe."
Ghorofa nne ni safari fupi.
Nikaishusha shela kabla hatujafika ya tatu.