Kitufe Chekundu

Kazi yangu ni kitufe.
Nsimire ndiye mwenye sauti; mimi niko nyuma ya kioo,
visikizio masikioni, kidole tayari:
mtu akitukana, nambana; akitaja kabila la mwenziwe
kwa ile sauti ninayoijua, nambana
kabla neno halijafika Kadutu na kuingia majumbani.

Saa tatu usiku. Mvua inapiga bati la studio.
Mada ya leo, anasema Nsimire, ni kwa nini mataifa hayapatani.
Taa za simu zinawaka moja moja kama sigara gizani.

Birindwa wa Nyawera anaigawa upya dunia
kwa dakika mbili: huyu apewe bahari, yule anyang'anywe mizinga.
Mwanamke wa Panzi anasema hayo ya mbali ameyasikia,
lakini ni nani anayefungua bomba lake saa nane usiku
na kumwachia matone? Nsimire anacheka.
Mwanamke hacheki. "Ndiyo mada yenyewe, mama. Andika."
Mwanafunzi ana takwimu. Mlevi ana takwimu zaidi.
Mmoja amepiga ili tu amsalimu shemeji yake wa Walungu,
swali amelisahau, nami namwacha asalimu.

Kisha laini ya tatu.
"Mimi ni msikilizaji. Jina halina kazi."
Nyuma yake saa ya ukutani inagonga mara mbili, basi.
Naijua saa hiyo. Niliiangusha kwa mpira wa matambara
nikiwa na miaka tisa; tangu hapo, iwe adhuhuri
au usiku wa manane, hugonga mbili.

Baba.

Nyumbani tuna miezi mitano ya "ndiyo" na "hapana".
Ilianza na shamba la Kabare, nilipokataa lisiuzwe,
au ilianza kabla, sijui, mambo haya hayana tarehe.
Sahani yangu hukaa imefunikwa. Redio hukaa kwake,
imefungwa raba pale kifuniko cha betri kilipopotea.

"Hawa wakubwa," baba anaiambia milima yote,
"hawashindwi kupatana. Wanashindwa kuingia.
Mtu amesimama mlangoni, mkono umeshashika kitasa,
anangoja wa ndani akohoe kwanza.
Na wa ndani, Madame, naye anangoja."

Nsimire amenyamaza. Hajawahi kunyamaza hewani.
Mkono wangu ukaipunguza mvua, ukampandisha baba kidogo,
na kidogo tena, hadi nikasikia pumzi yake
ikikwaruza, kama mtu anayesogeza kiti.
"Kwa hiyo, mzee, nani aanze?"
"Mimi nadhani..."
Tii. Tii. Tii. Salio.

Nilipanda Kadutu kwa miguu, matope hadi kwenye soksi.
Alikuwa macho, akijifanya anatafuta miwani.
"Walimkata yule mzee," akasema, akiutazama ukuta.
"Hakukatwa. Salio lilimwisha."
"Aa."
Akaifunua sahani yangu yeye mwenyewe. Sambaza, ugali uliopoa.
Nikala nimesimama, kisha nikakaa.

Nikakohoa.
Pilipili, nadhani.