Upande wa Dereva

Alichuchumaa kwenye vumbi jeusi la Unga Limited,
akafumba jicho moja:
"Landrova yako inainamia kulia."
Najua, nikamwambia. Upande huo aliketi baba,
miaka ishirini na tisa, Bwana Mifugo Kiangi,
kilo mia moja na tano,
na boksi la chanjo hadi Kitumbeine,
na mbuzi wa shukrani wakati wa kurudi.

Yubolti zilikataa. Tukazilaza na dizeli usiku kucha,
asubuhi zikakataa tena. Loishiye akaleta gesi,
moto wa buluu ukalamba kutu;
nati ya kwanza ililia, ya pili ikakatika,
zilizobaki sikuzishuhudia, nilikwenda kununua chapati.

Niliporudi majani ya springi yalikuwa chini,
kumi na moja na kumi na moja,
mawili yamevunjika, moja lina ufa kama unywele.
Katikati yake vumbi la kila alikopita:
la kijivu la Engare Sero, jekundu la Karatu,
limeshindiliwa hadi likawa ngozi.
Nililikwangua kwa kucha. Sikujua nilitupe wapi.

"Mapya ni matatu tu kila upande," akasema fundi Mbonea,
"manene kiunoni, membamba nchani.
Ya zamani yalisuguana, gari likatulizwa na ugomvi wao.
Haya hayagusani. Yafunge bila shokomzoba za maana
uone kama hutaruka mpaka Singida."

Akanionyesha namba zilizogongwa kwenye chuma.
"Halafu hizi si pacha. Ya kulia imekunjwa zaidi,
kama nusu inchi.
Kiwandani walijua abiria huja na kushuka,
ila upande huu kuna mtu
kila siku."

Nusu inchi.
Ndiyo aliyopewa baba,
na aliimaliza yote.

Jioni bushi zimeingia, shokomzoba zinang'aa rangi ya njano
kama viatu vya harusi kwa mtu mwenye magaga.
Mbonea akaweka pimamaji juu ya boneti:
gari tupu, limeinuka kulia.
"Panda."
Nikapanda. Povu likasogea, likasita,
halikufika katikati. Nina kilo sitini na moja.
"Utanenepa," akasema, akafuta mikono.

Jumapili nikampakia mama. Tukapita Ngaramtoni,
tukaiacha lami chini ya Oldonyo Sambu.
Mama ameshika kishikio cha mbele kwa mikono miwili,
meno ameyabana, anasubiri.
"Korongo bado?"
Tumeshalipita, mama.
Akageuka mwili mzima kutazama nyuma.
Kumbe njia hii hakuwahi kuijua kwa macho.
Aliijua kwa mgongo: pigo moja, kalavati;
mapigo mawili, josho la ng'ombe;
lile la kugonga kichwa, geti la kina Mollel,
ambapo baba alisema pole
kabla hajalipiga shimo, kila safari, bila kupunguza mwendo.
"Mmeninyang'anya njia yangu," akasema.

Akanyamaza kilomita nzima.
Kisha vidole vikaachia kishikio, kimoja kimoja.
Nilipotazama alikuwa amelala, mdomo wazi,
mtandio umeanguka begani.
Ndani ya gari lile! Nikashusha gia polepole,
nikapitiliza nyumba tuliyokuwa tunaiendea.

Mhunzi wa Kilombero aliyataka majani yote,
yanatoa sime nzuri, alisema, hazisahau makali.
Nikampa. Nikabaki na moja,
lile refu la juu, la kulia,
lililokuwa upinde na sasa limenyooka kama rula.
Nimeliegesha nyuma ya mlango wa stoo.
Umeme ukikatika nikaingia kupapasa kibiriti,
hunigonga ugoko, palepale,
na mimi, kabla sijalaani,
hujikuta nimesema shikamoo.