Injini ya Basi la Shule

Bedford la baba lilikunywa petroli
kama mgeni asiyeulizwa bei.
Ibra hadi Sinaw, tangi la maji mgongoni,
tukisimama mara mbili, na kila mara baba
akihesabu baisa kiganjani, akizihesabu tena,
kana kwamba zingezaa.

Mwaka wa pili tangu tumzike, Muhenna akasema:
liuzwe skrepu, au litiwe dizeli.
Mama akasema: Liuzwe na nani?

Tukashuka Barka, kwenye uwanja wa vyuma,
tukaokota Isuzu ya silinda sita
iliyotolewa kwenye basi la shule lililochoka mwili, si moyo.
Juu ya bloku, kalamu ya nta, nyekundu,
imeyeyuka ikaganda.
Tuliikwangua kila kitu kingine.

Fundi Shaji, mtu wa Thrissur, miaka ishirini na mbili Sanaiya.
Kiswahili alikiokota kwa wateja, nacho ni cha spana:
"Kumi na saba, lete. Kumi na nne, rudisha.
Hii ngumu. Hii mama yake ngumu."

Kutoa ya zamani ilikuwa kazi ya asubuhi moja.
Winchi, mnyororo, ikaning'inia ikitoka jasho jeusi,
nyepesi kuliko nilivyodhani.
Kabureta nililiweka kando. Sijui kwa nini.
Limo kabatini, karibu na vikombe vya gahawa.

Kutia ndiko kulikotufunza adabu.
Kilo mia mbili zaidi: springi za mbele zikasujudu.
Sampu ikagonga kiunzi cha chesisi;
tukakata, tukachomelea, tukakata tena.
Giaboksi ikamkataa bibi mpya.
Shaji akachonga bamba la kuwapatanisha, matundu kumi na mawili,
na tundu la tisa likakosea kwa unywele.
Siku nne, unywele ule. Mwezi wa Julai,
spana ukiisahau juani unaiokota kwa pindo la kanzu.

Nikamuuliza: plagi zake ziko wapi?
Akacheka. "Hii hakuna cheche.
Hii hewa nabana, nabana, nabana, yenyewe nawaka."

Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, chupa ya gahawa miguuni;
mama aliyebanwa Unguja, akaja akabanwa Ibra,
kwa mawifi waliokicheka Kiarabu chake.
Hakusema kitu. Akamimina.

Siku ya kumi na tisa, baada ya alasiri,
Shaji akatoa hewa kwenye paipu, akipampu kwa kidole gumba
mpaka mapovu yakaisha.
Nani awashe? Mama akasema: Mie.
Akapanda na ufunguo wa baba,
wenye kipande cha ngozi kilicholainika kama sikio.

Stata ikakohoa. Ikakohoa tena.
Ya tatu, moshi mweupe, kisha mweusi, kisha sauti:
si ile ya baba, ya kupaza na kuchoka;
hii ilisaga, kama mtu anayetafuna neno
kabla hajalisema.
Njugu za sahani zikacheza juu ya pipa.

Shaji akapitisha kiganja shingoni: zima.
Mama akazungusha ufunguo. Akauchomoa kabisa.
Injini ikaendelea.
Akautazama ufunguo. Akatutazama sisi.

Tulisahau waya wa kuzimia.
Shaji akakimbia, akaja na kifuniko cha sufuria yake ya wali,
akakibana penye mdomo wa hewa;
lori likatetemeka, likagoma, likanyamaa.
Punje mbili za wali zilimezwa. Alituapia hazidhuru.

Waya tulitia kesho yake.
Mpando wa Wadi Uqq linakwenda gia ya pili,
magari ya Maskati yakilipita kwa honi.
Maji ni yale yale.
Mama, likifika nyumbani, hudai kuzima yeye:
kwanza huchomoa ufunguo, huutia mfukoni,
hukaa kidogo,
nalo linanguruma chini yake, halimngoji mtu.
Kisha huvuta waya.
Kile kidogo cha katikati hatumuulizi.