Darasa la Nne B

Jimbo letu linaanzia pale lami inapokata roho,
mbele ya duka la simenti la Mwakatobe,
linateremka bondeni bila viatu,
linaparamia kilima cha Kwa Chaurembo
na kuishia kwenye nguzo ya umeme mkubwa
ambayo haijawahi kutuwashia hata taa moja.
Hivyo ndivyo lilivyo mwaka huu.
La mwakani msiniulize.

Nyumba yangu haijasogea hata unyayo.
Mlango unatazama mstafeli uleule,
choo kiko palepale kinapotusumbua kila masika,
ila imeshapiga kura katika majimbo matatu.
Kwanza tulikuwa mkia wa jimbo la mjini,
mkia ambao mbuzi mwenyewe hakujua kwamba anao.
Kisha wakaja vijana na ramani,
wakaweka kalamu juu ya mto wakasema: mpaka ni huu.
Mto ukawasikia. Masika yaleyale
ukahama mita arobaini, ukapita jikoni kwa Bi Semeni,
na Bi Semeni akaamka mpiga kura wa ng'ambo.

Nayajua haya kwa kuwa mimi ni karani.
Tangu sanduku la mbao lenye kufuli la baiskeli
hadi hili la plastiki linaloonyesha tumbo lake,
nimekaa dawati la mbele, Darasa la Nne B,
chini ya jedwali la kuzidisha,
nikishika vidole vya watu wazima, kimoja kimoja.
Huyu anamenya mihogo. Huyu anachanganya zege.
Huyu hajafua tangu aolewe.

Mwaka wa tisini na tano Pazi Mwinyikondo
alikuja na fimbo ya mpingo na ahadi ya daraja.
Akashinda. Elfu mbili
alikuja na daraja tu, fimbo aliisahau.
Akashinda. Elfu mbili na tano
walishafika wa Moshi, wa Kyela, wa Musoma,
mikorosho ikawa viwanja, viwanja vikawa kuta,
kuta zikaota vipande vya chupa,
na wenye kuta hawakutaka daraja, walitaka lami.
Tulihesabu kwa chemli hadi adhana ya alfajiri:
Adventina Rwegoshora, kwa kura arobaini na moja.
Arobaini na moja! Watu wa msiba mdogo.

Zilizoharibika zilikuwa sitini.
Moja naikumbuka. Badala ya vema
mtu alichora daraja, lina nguzo, lina vyuma vya pembeni,
na chini yake samaki.
Wakala wa Pazi akasema samaki anamwendea mgombea wake.
Wakala wa Adventina akasema anamkimbia.
Niliitia kwenye bahasha, mkono ukisita,
maana nyumbani nina kabati
lenye samaki yuleyule mlangoni.

Aliyelichonga tulimzika ng'ambo, kwenye makaburi ya ukoo wao,
jeneza likivuka juu ya vichwa, maji viunoni.
Walipokata jimbo tena, watu wamezidi, walisema,
mimi nikabaki huku, yeye akawa wa mbunge mwingine.
Jina lake bado limo kwenye daftari la kule:
Kitogo, Mbwana Ally. Fundi seremala.
Nimepeleka cheti cha kifo mara mbili.
Kijana wa kompyuta akaniambia, kwa heshima kabisa:
mfumo unamwona yu hai, mama, subiri uboreshaji.

Basi nimeacha.
Ng'ambo ile daraja limejengwa,
lina jiwe la msingi na jina la mtu,
nalo linakoma katikati ya mto
jimbo lao linapokoma.
Jumapili nilikwenda nikasimama upande wetu.
Nguzo zipo. Vyuma vya pembeni ni vilevile vya kwenye karatasi.
Samaki tu ndiye sikumwona,
labda kwa sababu ya maji, yalikuwa ya tope.