Niloticus, kivumishi

Lutandula aliacha seminari mwaka wa mwisho
akabaki na Kilatini,
kama mtu aliyebaki na ufunguo wa nyumba iliyouzwa.

Maabara yetu pale Nyegezi ilinuka formalini.
Nilikuwa nimeandika chupa arobaini za mayai ya sangara,
kwa mwandiko niliojivunia: *Lates nilotica*.
Akaja na kalamu nyekundu.
Akakata -a, akaweka -us.
“Nyanzobe, samaki huyu kisarufi ni dume.”
“Na haya mayai?”
“Hata akiwa na mayai.”

Akavuta kigoda, akaanza.
Nilus ni mto. Wagiriki waliuita Neilos,
wakaupachika mkia, -tikos,
Warumi wakaazima lote, mto na mkia,
wasirudishe.
Maana yake ni -a Naili. Basi.
Kwetu kinachogeuka ni kichwa:
wa Naili, ya Naili, cha Naili.
Kwao hugeuka mkia:
mamba niloticus, kenge niloticus,
na mgunga ule nyuma ya choo cha watumishi,
uliochana gauni langu la Pasaka,
nilotica,
kwa kuwa miti ya Warumi ni wanawake.
Kisicho mume wala mke, niloticum.

“Ngeli tatu tu?” nikamuuliza. “Maskini.”
Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Sarufi niliimeza. Maana ndiyo iliyonikwama
kama mwiba wa ningu.
Wa Naili, vipi?
Sangara aliletwa humu ziwani, furu hawakuulizwa.
Bibi yangu kule Kome aliwajua furu kwa majina,
huyu wa mawe, huyu wa matope,
huyu mwenye mdomo wa kununa;
majina hayo hayakuandikwa kwenye chupa yoyote.
Na maji haya, yanayofua mashuka ya Igombe,
yakifika Jinja ndipo yanaitwa Naili.
Basi mgeni kaja na jina la kule tuendako,
sisi wenyeji hatujafika.

Sikumwambia Lutandula. Angesema hilo si swali la sarufi.

Jioni nikabandika lebo upya, us, us, us,
gundi ikinikauka vidoleni,
hadi ya thelathini na tisa.
Ya arobaini niliiacha.
Ipo rafu ya pili, nyuma ya mizani,
wino umefifia, mayai yamekuwa meupe kama chokaa:
*nilotica*.
Mkaguzi akija, nasimama mbele yake.