Likoni Shavuni

Yalikuja na mimba, mwezi wa tano,
kama vumbi la iliki. Nikapangusa.
Hayapangusiki.
Kufikia arubaini yametanda,
baka shavu la kulia, baka la kushoto,
pua katikati kama kivuko.

Mawifi walilitazama shavu kabla ya mtoto.
"Ni damu ya uzazi, hutoka."
Miaka mitatu ikatoka,
yenyewe haijatoka.

Marikiti, nyuma ya magunia ya pilipili manga,
Kibwana ana kabati la kioo
na kopo lisilo jina, rangi ya maziwa yaliyochacha.
"Siku saba tu, dada. Hutajijua."
Kweli, ya saba sikujijua:
masikio yangu ya jana, shingo ya mamangu,
na katikati papai lililopasuka
linaungua kwa machozi yake lenyewe.

Nikavaa nikabu mwezi mzima.
Majirani wakasema nimeshika dini.
Sikuwasahihisha.

Shangazi Esha hakunilaumu. Aliushusha msio
juu ya kabati, akaunyunyizia marashi,
akasugua kijiti cha liwa, kru, kru,
huku akinitungia papo hapo:

   Liwa napaka usoni, si ya kukubadilisha,
   Ya kupoza mashavuni, moto uliouwasha,
   Hakuna uso dukani, mwingine wa kukuvisha,
   Kaa nami kivulini, mpaka jua kuisha.

Liwa ikakauka, ikanibana, ikapukutika.
Ngozi ikatulia.
Mabaka yakabaki pale pale, na sasa yamekoza.

Ruweida alinipanda mapajani usiku ule,
akaweka kidole shavu la kulia. "Hapa ni wapi?"
"Mvita," nikasema, sijui kwa nini.
Akavuka pua, akipiga honi kwa midomo.
"Na hapa?"
"Likoni."
Basi ikawa safari ya kila siku kabla ya kulala,
abiria ni kidole kimoja, nauli busu.
Mara nyingine feri ilikwama puani
akacheka hadi kwikwi.

Muuguzi Mbeyu, zahanati ya Majengo,
alilinusa kopo la Kibwana, akalifunga kwa plasta,
akaandika juu yake: ZEBAKI? Akaliweka mbali na mikono.
"Mimba huyapanda, jua huyapalilia.
Mafuta haya ya jua asubuhi, hata kukiwa na mawingu.
Tyubu hii usiku, kiasi cha punje ya dengu.
Na mwavuli. Usihesabu siku, mama, hesabu miezi."
"Yakikataa?"
Akaandika kwanza tarehe ya kurudi.
"Yakikataa, uso unao."

Nikaanza Mfungo Mosi.
Mwavuli wangu wa zambarau ukawa jina langu Kibokoni;
watoto walinipigia makelele: Bi Mvua, mvua iko wapi?
Mfungo Tatu, hakuna kitu.
Mfungo Tano nikakitazama kioo cha kabati
kama anayesubiri maji ya mfereji:
huangalii, unasikiliza.
Kufikia Mfungo Nane Likoni ilikuwa imefifia
kama chai iliyozidishwa maziwa,
na Mvita ikaifuata, pwani kwanza.
Mashavu yakaanza kukubaliana.
Wifi mkubwa akanishika kidevu: "Mashallah! Umetakata."
Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi
hadi nikanunua wanja.

Juzi usiku kidole kikasimama puani.
Hakuna honi.
"Mama, Likoni imekwenda wapi?"
Akachukua simu yangu, akawasha tochi,
akanimulika shavu, akitafuta
kama anayetafuta hereni iliyoanguka.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na doa moja,
chini ya jicho la kushoto, dogo kama ufuta,
lililoishinda tyubu.
Nikakishika kidole nikakipeleka.
"Shuka hapa."
Akashuka. Akalala.

Nikanawa uso, nikafungua tyubu,
punje ya dengu, kama nilivyoagizwa.
Nikapaka polepole, paji, kidevu, shavu, shavu.
Pale kwenye ufuta nikazunguka.