Timbo la Njiru

Shimo hili lilikuwa jengo kabla sijalichora.
Kila jiwe lililong'olewa humu limesimama mahali:
ukuta wa benki, ngazi za mahakama,
choo cha shule moja kule Dandora.
Nairobi ilipanda juu, Njiru ikashuka chini,
futi sitini za utupu wenye pembe,
na bwawa la kijani ambalo hakuna aliyelialika.

Nilikuja na rula. Na viatu visivyofaa.
Korongo alisimama korongoni kwa mguu mmoja
akinitazama
kama fundi anavyomtazama mwenye digrii.

Nikachora mapaa kama mbawa.
Nikachora daraja la kioo toka genge hadi genge,
vyumba vimegandama mwambani kama viota vya mbayuwayu.
Nikaona ni vyema. Nikala hindi la kuchoma.

Jumamosi nikawaita wenye kazi.

Wekulo, mhunzi, aliigeuza karatasi juu chini,
akaigeuza tena, akauliza:
"Moshi wangu utapita wapi?"
Sikuwa nimechora moshi.
"Na nyundo? Huku chini kuta zote zina midomo.
Nitapiga pigo moja nisikie matano.
Nitashikwa na wazimu kabla sijamaliza jembe."

Akeyo hakuutazama mchoro.
Alichota tope la bwawa,
akalifikicha kati ya kidole na gumba,
akalionja, akatema.
"Udongo wa kiburi huu. Lakini utafunzika."
Joko lake, alisema, likae upepo unakoelekea, si unakotoka,
asije akamtoa Kalekye machozi bila msiba.

Kalekye, msusi wa vyondo, yeye aliketi tu,
mkonge pajani,
tangu saa tatu hadi saa tisa,
akisogea kila mwanga uliposogea,
na kila alipobanduka akaacha kokoto.
Kokoto kumi na moja, mstari uliopinda kama ubavu.
"Dirisha langu ndilo hilo."
Nami, miaka sita ya chuo kichwani,
nikachutama vumbini kunakili kokoto.

Ndambuki hatukumwita.
Alichonga mawe humu miaka kumi na tisa;
kikohozi chake kilifika kabla yake.
Alipita bwawani, akaenda moja kwa moja ukuta wa mashariki,
akaweka kiganja kwenye makovu ya tindo.
"Hizi zilizolalia kulia ni zangu.
Hizi za kushoto ni za Mbuvi. Alikuwa mashoto."
Akafuata zile za kushoto kwa kidole,
zikishuka, zikishuka,
hadi karibu na maji, hapo zikakoma.
Hakusema kwa nini. Wekulo alivua kofia.

Nikamuuliza anataka chumba cha namna gani.
"Cha nini? Nimeshajenga vya kutosha.
Ule ukuta tu. Msiupake rangi."

Usiku stima ikapotea Kayole nzima.
Kwa taa ya simu nikalifuta daraja,
nikafuta mbawa, na kifutio kikamwaga
vumbi jingi kuliko la timbo lenyewe.
Nikachora bomba la moshi, refu, bila aibu.
Nikachora paa linalopinda kwa kokoto kumi na moja.
Kuta zenye midomo nikazivika mikeka ya mkonge, minene,
Kalekye aisuke, Wekulo amlipe kwa sindano na visu,
imeze mapigo manne, ibakize moja.
Joko nikaliweka upepo unakoelekea.

Ukabaki ukuta wa mashariki.
Karani wa kaunti hapitishi ramani yenye nafasi isiyo na kazi;
kila kipande sharti kiwe na jina, na idadi ya watu.
Nikakaa na penseli mpaka simu ikaanza kulalamika chaji.
Nikaandika: *Benchi. Mtu mmoja.*

Nilikuwa nimeshakunja karatasi.
Nikaikunjua,
nikafuta *mtu mmoja*, nikaandika
*watu wawili*.